Mkaguzi na Vizazi Saba vya Selika

Sitaki kuambiwa tena kwamba alikuwa mtu mwadilifu. Nimeambiwa hivyo siku tatu mfululizo matangani, na wanawake niliokaa nao mkeka mmoja, nikanywa kahawa na kunyamaza kwa sababu mjane wake alikuwa mbele yangu, na mjane hana kosa. Sasa matanga yamekwisha, nimerudi kwangu, na hakuna wa kunifinya goti nikifungua mdomo. Marehemu alikuwa Mkaguzi wa magari. Jang'ombe nzima ilimwita Mkaguzi, wakubwa kwa watoto, hata baada ya kustaafu, hata mkewe. Mimi nimekulia nyumba ya tatu kutoka kwake mpaka nilipoolewa Mbweni, na nitamwita hivyo hivyo. Jina lake halinihusu. Kinachonihusu ni kazi yake.

Kazi yake aliijua. Nalisema hilo mapema nisije nikaitwa mzushi. Gari ikiletwa mbele yake hakukimbilia boneti kama wenzake. Alivua viatu, akaizunguka kimya, kisha akatoa mfukoni mpini wa mwiko, mwiko wa ubwabwa uliokatwa kichwa. Ncha moja aliiweka kwenye bati na ya pili sikioni, na kwa mkono mwingine akaligonga bati kwa pete yake ya akiki. Alituambia kwamba bati zima hutoa sauti moja, na bati lililochomelewa hutoa mbili, hata likipakwa puti na rangi mpaka ujione uso wako. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba nyumba ile haikai na mwiko. Kila akinunua mpya, baada ya mwezi anaukuta hauna kichwa, kwa sababu ule wa zamani umeingia ufa na mumewe hasikii vizuri.

Hadithi zake ndizo zilizozungumzwa matangani, na zote ni za kweli, ndiyo maana zinanichoma. Iliwahi kuletwa gari ya bwana mkubwa mmoja, mpya, inang'aa, dereva kavaa tai. Mkaguzi akagonga huku na huku, akasema mlango wa nyuma si wa gari ile. Dereva akacheka, akawaita watu waje wamsikie mzee. Bwana mkubwa alipopigiwa simu, ikabidi dereva aseme ukweli: aliubamiza mlango kwenye nguzo na akaubadilisha kwa siri bila tajiri yake kujua. Shemeji yake mwenyewe, mwenye teksi, Mkaguzi alimnyima cheti kwa ajili ya breki, na shemeji akalipiza kwa kutomwalika harusini. Siku ya harusi Mkaguzi alikula wali na maharage nyumbani kwake, mlango wazi, tarumbeta zikipigwa mtaa wa pili.

Na mtu mmoja aliwahi kumwachia kikapu cha mapapai mlangoni. Mkaguzi alikibeba kichwani, saa nne ya asubuhi, akapita nacho katikati ya soko na kumrudishia mwenyewe mbele ya wateja wake. Nilikuwa mtoto, nikamfuata nyuma pamoja na wenzangu, na niliona fahari kujuana naye. Leo nikiikumbuka safari ile najiuliza kwa nini hakumpelekea mtu mapapai yake kimyakimya. Alipenda kuwa mwadilifu, sikatai. Alipenda zaidi kuonekana.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na gari. Alikuwa na baiskeli ya kijani isiyokuwa na breki hata moja, na mtu huyu aliyewanyima wenzake riziki kwa ajili ya breki alisimama kwa kuburuza kandambili chini. Tukimcheka alisema baiskeli haiui mtu.

Kitu kimoja tu kilimlegeza, nacho ni Selika. Wengine watasema ni gari ya Kijapani ya vijana, milango miwili, haina faida hata ya kubebea gunia la mkaa. Kwake ilikuwa ukoo. Mimi na kaka yangu Makame tulikaa kwenye baraza lake baada ya chuo cha Kurani, naye akituchorea kwa chaki juu ya saruji, kizazi baada ya kizazi, na ole wako uite cha pili cha tatu.

Ya kwanza aliiona ujana wake, ya ofisa mmoja aliyekaa Vuga. Taa za duara, mabampa ya kumetameta, na dirisha la ubavuni lisilo na nguzo, kwamba ukishusha vioo vyote upepo unapita toka mkono huu hadi huu. Akiisifu alishusha sauti. Ya pili ilirefuka na kupanuka, akasema imekuwa mtu mzima aliyepata cheo. Ya tatu ilikuwa pembe tupu, imechorwa kwa rula, na taa zake zinainuka ukiziwasha. Makame aliipenda hiyo kwa ajili ya taa, na alizoea kulala chali barazani akifumba na kufumbua macho kuiigiza mpaka Mkaguzi anacheka na chaki inamkatika.

Kwenye ya nne alikunja uso. Hapo ndipo Wajapani walipoilaza injini kwa upana na kuifanya ivutwe na matairi ya mbele, wakati tatu za mwanzo zilisukumwa na ya nyuma. Alisema ni kama kumfundisha mtu mzima kutembea kwa mikono. Lakini akishamaliza kuitukana, aliongeza kwamba ya nne ilikuwa na ndugu yake mmoja, aliyetengenezwa kwa mashindano ya njia mbovu, mwenye kusukumwa na matairi yote manne. Huyo hakuwahi kumwona isipokuwa kwenye jarida moja alilopewa na baharia, na jarida lenyewe lilikuwa limeandikwa Kijapani tangu mwanzo hadi mwisho. Alilihifadhi ndani ya foronya. Alilitoa sikukuu kwa sikukuu, na tulitakiwa tunawe mikono kwanza.

Ya tano ilikuja mviringo kama sabuni iliyokwisha tumika. Ya sita ikarudisha taa nne za duara usoni, naye akafurahi kama aliyepata mjukuu aliyefanana na bibi yake. Ya saba ikatoka na uso mkali, taa zimepanda juu ya boneti, nyepesi, haina mchezo. Halafu kiwanda kikaacha. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, na nilimkuta barazani amenuna kama aliyedhulumiwa kiwanja. Alinambia haelewi vipi mtu atengeneze saba, kila mmoja kamtoa mwenzake, kisha aamke siku moja aseme basi. Nilimwonea huruma. Najilaumu kwa huruma ile, kwa sababu wakati ule Makame alikuwa kaburini na Mkaguzi anajua kwa nini.

Makame alikuwa fundi wa mafriji. Alioa mwanamke wa Kidichi, akapata mtoto mmoja, Salma, na katika mwaka huo huo akapata gari. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akiingiza vipuri kutoka nje, nyeupe, imechakaa viti lakini inaunguruma vizuri. Hakujua alichonunua. Alijua ni Selika tu, na kwamba ni kizazi cha nne. Aliyejua ni Mkaguzi.

Nilikuwapo siku ya ukaguzi, nimekaa kwenye ngazi za ofisi na Salma mgongoni. Mkaguzi alipoinama akaona chini yake kwamba hata matairi ya nyuma yanazungushwa, alisimama akashika kiuno. Aliizunguka mara tatu. Akaigonga kila mahali, na alipofika chini ya kiti cha dereva alisita. Akaufuta mpini wa mwiko kwa shati, akasikiliza tena, akafumba macho. Mimi nilidhani ni mapenzi. Kisha akainuka, akaenda mezani, akatia sahihi, akamwambia Makame maneno ambayo Makame aliyarudia nyumbani kwa mwezi mzima, kwamba amepewa amana na aitunze.

Miezi mitano baadaye Makame alikwenda Kidichi kumchukua mkewe na mtoto, waliokuwa kwa wazee. Hakufika. Njiani, baada ya Bububu, gari ilipita kwenye shimo, ikahama upande wake na kuingia mbele ya lori la mawe. Makame alifariki pale pale. Dereva wa lori, mtu wa Jang'ombe vile vile, alivunjika mguu na hakutembea tena sawasawa.

Aliyeitwa kuikagua ile gari iliyobondeka ni Mkaguzi, kwa kuwa hapakuwa na mwenye sikio kama lake. Aliandika kwamba sababu ni mwendo wa kasi. Basi. Maneno matatu ya mtu mwadilifu, na mtaa mzima ukayapokea. Makame alikuwa na mbio. Tulilisikia msibani, tukalisikia kwenye arubaini, tukalisikia dukani tukinunua sukari, na wanaolisema wanatikisa kichwa kwa huzuni, eti walijua tu.

Mama yangu aliyachukua maneno yale akayafanya deni la mwanawe mbele ya Mungu. Alikwenda kwa dereva wa lori akapiga magoti kumwombea radhi Makame. Na kila Ramadhani, tangu mwaka ule hadi alipofariki, hakukosa kumpelekea futari, sinia limefunikwa kawa, bora kuliko ile tuliyofungulia sisi. Kwenda huko alikuwa hana njia isipokuwa kupita mbele ya baraza la Mkaguzi. Mkaguzi aliinuka kila mara. Alimwamkia, akampisha, akamwombea Mungu amtakabalie. Nimeyaona haya kwa macho yangu, miaka kumi na minane, na mama alirudi akisema, yule mzee ana adabu.

Na mimi? Mimi nilimkasirikia maiti. Niliwahi kumwambia mama kwamba Makame siku zote aliendesha kama anayebeba mayai, na mama akanijibu kwamba Mkaguzi kaandika. Nikaamini kwamba siku ile moja alikuwa na mbio, na nikamchukia kwa kumwachia mwanawe jina lile. Salma alikua nalo. Akichelewa shule aliambiwa asikimbie kama baba yake. Bibi yake hakumruhusu kukaa kiti cha mbele mpaka alipotimiza miaka kumi na sita.

Labda ndiyo sababu akaipenda Selika, kwa ukaidi. Mwaka jana, keshaanza kazi ya kupokea wageni hotelini, akanipigia simu kwamba jirani yangu wa Mbweni anauza ya saba, ya rangi ya fedha, naye anaitaka. Nilimwambia la. Akanijibu kwamba ameshaamua, na kwamba kama nina wasiwasi twende tumpelekee yule mzee wa mwiko aigonge. Watu walikuwa bado wanampelekea, ingawa kastaafu na macho yamepungua nuru. Nikasema sawa, nikitaraji ataikataa tu.

Tukaenda baada ya sala ya alasiri, sisi kwa gari yangu ndogo, mwenye Selika nyuma yetu. Mkaguzi alikuwa barazani, kajifunga msuli wake. Salma akamwamkia, mzee akaitika marahaba, akamuuliza yeye ni wa nani.

"Wa Makame," Salma akasema.

Aliomba mpini wake uletwe, akavua kandambili, akaanza. Alichukua muda mrefu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya bati lile kama anayempapasa farasi. Nilimwona anaitamani. Akafika chini ya kiti cha dereva, akagonga mara moja, akagonga ya pili, akainuka.

"Iache, mwanangu," akasema. "Hii imeungwa."

Mwenye gari akakasirika, akasema yeye kaipata hivyo hivyo na haijapata kumsumbua, akaingia garini na kuondoka bila kuaga. Salma akabaki amesimama. Akamuuliza mzee kajuaje kwa haraka vile.

"Nnaisikia. Gari kama hizi wakizileta huzikata vipande viwili, zipite kama vipuri, kisha huku wakaziunga. Rangi itakudanganya, sauti haiwezi."

Wallahi sikuwa nimepanga kusema lolote. Nilikuwa nimeshika ufunguo, tayari kuondoka. Lakini nilimtazama alivyosimama, mahali pale pale pa gari, mkono sikioni, na nikaiona tena siku ile ya ngazi za ofisi.

"Na ile ya baba yake," nikamuuliza, "uliisikia?"

Alikaa barazani. Aliweka mpini juu ya mapaja. Nilidhani atauliza gari gani, na kama angeuliza, ningempa mgongo nikaondoka, nikaendelea kutojua.

"Nliisikia," akasema.

Kaka yangu alikuwa ameungiwa gari chini ya kiti chake, na mtu huyu aliisikia, akafuta mpini wake kwa shati ili aisikie vizuri zaidi, akatia sahihi. Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu ilitoka kubwa na watu wa nyumba ya pili wakachungulia, nikawaacha wachungulie.

"Ningeiandikia mbovu wangeikata chuma chakavu," akasema. "Na nlikuwa nnaingojea umri wangu wote, sijapata kuiona. Kiungo kilikuwa kizuri. Nkasema kitakaa."

"Ukaandika alikuwa na mbio."

"Ilifunguka pale pale nlipopasikia. Ningeandika hivyo wangeniuliza nani kaipitisha."

Alilisema kama jambo la kawaida, la mtu mzima kumweleza mtu mzima. Jina lake. Alimbebesha kaka yangu kosa ili yeye abaki na jina, na mama yangu akapita mbele yake na sinia miaka kumi na minane, naye akasimama kumwombea dua. Nilimwambia hayo yote, na mengine siwezi kuyaandika, kwa mtu wa umri wa baba yangu. Hakujitetea. Alipoona nimeishiwa pumzi akasema, "Niwieni radhi."

Sisi tumelelewa kwamba mzee akiomba radhi unampa kabla hajamaliza sentensi. Neno lilikuwa limeshanifika mdomoni lenyewe, kwa mazoea tu, nikalimeza. Nikamwambia radhi yangu hana, na mama, aliyekuwa na haki ya kumpa yake, tumeshamzika Mwanakwerekwe.

Salma hakulia. Akachuchumaa mbele ya mzee, kwa adabu zote alizofundishwa na bibi yake, na akauliza kitu ambacho mimi, pamoja na hasira zangu zote, sikukifikiria.

"Babu, kwani baba alikuwa anakwenda mwendo gani?"

"Arobaini," Mkaguzi akasema. "Nlizipima mwenyewe alama za tairi. Haikuzidi arobaini."

Salma alinizuia nisiende kutangaza. Alitaka mzee aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, na alimwambia hivyo hapo hapo, na Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Mungu alimpa miezi saba. Alikwenda msikitini mara tano kwa siku, akakaa barazani, akanywa chai na wale wale wanaosema Makame alikuwa na mbio, na hakusema. Sasa kafa na wamemshuhudia wema, imamu kauliza na wote wamejibu kwa sauti moja. Basi nasema mimi. Makame hakuwa na mbio. Gari ilikuwa imeungwa, na Mkaguzi aliisikia.

Siku ile tulipotoka kwake tuliingia garini, nikawasha, nikashika njia ya Mbweni. Tulipofika barabara kubwa Salma akanambia, "Shangazi, endesha arobaini."

Nikapunguza. Mshale ukashuka, ukatulia pale, naye akauinamia akautazama. Nyuma yetu zikaanza honi. Vespa zikatupita kulia na kushoto, basi la shule likatupita, dereva wa gari ya ng'ombe wa nyama akashusha kioo akanitukana, nami nilikuwa na hasira ya kutosha kuwajibu wote, lakini sikuusogeza mguu.

"Ndiyo hivi tu?" Salma akauliza.

"Ndiyo hivi tu."

Akageukia dirisha. Pembeni palikuwa na duka la vitenge, kinyozi, duka la dawa, mtu anauza mafeni ya mtumba.

"Mbona nayasoma majina ya maduka yote," akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. Akaanza kuyasoma, moja moja, kwa sauti, mpaka tukafika Mbweni.